Kwa Kinga hadi Kasongo

   Baba, vuta kiti. Mama, kama sombe iko jikoni, punguza moto kidogo, maana leo tunasafiri na safari yenyewe ni ndefu.

Tunasafiri na nini? Ndege tunaiacha. Treni nayo tunaiacha, kwa kuwa nikianza kuisubiri hapa studio, kipindi kitaisha kabla haijapiga honi. Na pikipiki pia tunaiweka pembeni, wenye pikipiki wanisamehe. Leo tunapanda kinga. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema baisikeli, hata sisi tunasema hivyo tukivaa koti la ofisi, lakini sokoni na nyumbani ni kinga tu.

Nina swali kwanza. Wewe uliyezaliwa hapa Kindu, ukasoma hapa, ukaoa hapa, Kasongo umefika? Kibombo je? Ukiulizwa Nyangwe iko ukingo gani wa Lualaba, utajibu bila kumtazama jirani? Jimbo letu la Maniema lina zaidi ya kilomita za mraba 130,000 na teritwari saba: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Naona vijana wengi wanaojua vizuri majina ya mitaa ya Kinshasa kuliko majina ya vijiji vilivyo nyuma ya Alunguli, ng'ambo ya mto. Sisemi kwa kuwalaumu. Barabara ni mbaya, kila mtu anajua. Ila nasema hivi, na nitarudia: njia zipo, watu wanazipita kila siku, na wanaozijua wako hapa hapa mjini. Twende kwao.

Kabla hatujaondoka, niwapeleke mbali kidogo, halafu tutarudi. Huko Ulaya, upande wa kusini-mashariki, katika milima ya Balkan, kuna nchi ndogo inaitwa Bosnia na Herzegovina. Watu wengi wa Ulaya yenyewe hawaijui vizuri, isipokuwa kwa habari za vita vya mwaka 1992 hadi 1995. Nchi hiyo ilikuwa na reli nyembamba, iliyojengwa wakati ilipotawaliwa na Austria na Hungaria, ikafunguliwa mwaka 1901. Wenyeji waliipa treni yake jina la utani, Ćiro. Mwaka 1976 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Mnajua wamefanya nini na njia ile? Wameigeuza kuwa njia ya baisikeli, kutoka mji wa Mostar mpaka Dubrovnik, kwenye pwani ya Croatia, kama kilomita 160. Siku hizi wageni wanakuja na baisikeli zao, wanapita ndani ya mahandaki ya treni, wanalala katika stesheni ya zamani iliyofanywa nyumba ya wageni, wananunua jibini na divai kwa wanavijiji. Na ushauri wa kwanza wanaopewa na wenyeji ni upi? Usitoke njiani. Kwa nini? Kwa sababu baadhi ya mabomu yaliyofukiwa wakati wa vita bado yako ardhini, na anayejua mahali pa kukanyaga ni mwenyeji.

Nimewaletea habari hiyo kwa sababu moja. Kinachowavuta wageni kule ni reli ya zamani, vijiji, mto, na mtu wa kukukaribisha barazani. Kipi kati ya hivyo tumekosa sisi? Reli ya kutoka Kindu mpaka Kongolo ina kilomita 355, imejengwa zaidi ya miaka 110 iliyopita, na yetu haijang'olewa. Pembeni yake kuna njia ya miguu iliyokanyagwa ikang'aa. Nani ameikanyaga? Wasukumaji wa kinga.

Hao ndio ninaotaka tuwasikilize leo. Mnawaona kila asubuhi wakiingia mjini: kinga moja, bidoni za mawese pande zote mbili, juu yake gunia la mchele, juu ya gunia kuku wamefungwa miguu, na mwanaume anasukuma huku ameinama. Hapandi. Mzigo ule haupandiki. Amefunga kijiti kirefu kwenye usukani na kingine nyuma ya kiti, mkono mmoja unaongoza, mwingine unasukuma. Wengine wameng'oa pedali kabisa ili zisiwapige miguuni. Akifika anauza mawese na mchele, anarudi na chumvi, sabuni, sukari, betri, vitambaa, daftari. Wakati wa vita vya mwaka 1998 hadi 2003, treni iliposimama na malori yakatoweka, ni nani aliyepeleka chumvi vijijini? Ni nani aliyepeleka dawa za malaria? Tulikula na kupona kwa miguu ya watu hawa, na sijaona bado mahali tulipowashukuru.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa wa leo, shika huo hata ukisahau mengine yote: usisafiri katika Maniema kwa kinga bila kumuuliza msukumaji. Uliza wasukumaji. Ramani ya simu itakuonyesha mstari mwekundu na kukuambia kuna barabara. Msukumaji atakuambia kwamba mstari ule uliliwa na mvua, na sasa watu wanapita nyuma ya shule.

Na ukimuuliza, uliza vizuri. Watu wa mjini tunauliza, "Ni kilomita ngapi?" Swali hilo halina faida. Kindu mpaka Kasongo ni zaidi ya kilomita 200. Haya, umeshajua. Imekusaidia nini? Uliza hivi: mtu akitoka hapa asubuhi, analala wapi? Atakutajia kijiji. Uliza tena: mvua kubwa ya mwisho ilinyesha lini, na daraja gani limeondoka? Halafu uliza swali la tatu, na hili usiliache kamwe: nani amepita jana akitokea huko? Mtafute huyo aliyepita jana, mnunulie chai, msikilize. Usalama wa njia zetu unabadilika, hasa ukielekea Kabambare. Habari ya wiki iliyopita ni ya zamani. Kama aliyepita jana anasita kujibu, au anatazama chini, safari yako imeahirishwa. Rudi nyumbani, utaenda siku nyingine.

Sasa kinga yenyewe. Unatafuta ya namna gani? Nimeona wageni wakishuka kwenye ndege na baisikeli nyepesi kama unyoya, yenye gia nyingi na breki za sahani. Nzuri sana kwa lami. Lakini ikivunjika kipande ukiwa kati ya Kindu na Kibombo, utakipata wapi? Chukua ile nyeusi, nzito, ya Kichina, ile Phoenix ya siku zote. Fundi wa kinga yuko karibu kila kijiji kikubwa, amekaa chini ya mti na koleo, bisibisi na kopo la vipande, na kinga hiyo anaifungua na kuifunga huku anazungumza na wewe mambo ya uchaguzi. Ile nyepesi ataitazama, ataizunguka, atakupa pole.

Kabla ya kuondoka, peleka kwa fundi hapa mjini akufanyie mambo mawili. Aimarishe mahali pa kubebea mzigo nyuma kwa chuma cha kuchomelea, maana kile cha dukani kimetengenezwa kwa ajili ya mkoba wa mwanafunzi. Na aimarishe foki ya mbele, ambayo mashimo ya njiani huivunja mapema. Wewe mwenyewe beba pampu, gundi ya viraka, njiti chache za gurudumu, mnyororo wa akiba kama unaupata. Halafu omba mipira ya zamani, ichane kamba ndefu ndefu. Kamba za mpira zinafunga mzigo, zinabana tairi lililopasuka, zinashika usukani uliolegea. Sijui kitu kingine kinachofanya kazi nyingi hivyo kwa bei ya bure.

Na mzigo? Usijilinganishe na msukumaji. Yule amezaliwa na kazi ile mabegani. Wewe chukua nguo mbili, chandarua, nailoni ya kujifunika mvua, tochi, dawa zako, na nafasi iliyobaki ijaze chumvi na sabuni. Ndiyo, chumvi na sabuni. Nitaeleza baadaye.

Tumekwisha kufunga mzigo. Tunapita wapi? Kuna njia mbili, na kila moja ina watu wake wanaoitetea kama timu ya mpira.

Ya kwanza inabaki upande huu wa kushoto wa Lualaba na kufuata reli kwenda kusini, mpaka Kibombo, halafu Samba, na anayetaka anaendelea mpaka Kongolo katika jimbo la Tanganyika. Uzuri wake ni huu: huwezi kupotea, na reli haina vilima vikali, kwani waliojenga walitafuta ardhi iliyolala. Kibombo ni zaidi ya kilomita 100. Ubaya wake ni kwamba madaraja ya reli yametengenezwa kwa ajili ya treni. Ukifika kwenye daraja, shuka, sikiliza, tazama mbele na nyuma, kisha vuka kwa miguu ukishika kinga upande mmoja. Usiseme treni haiji. Treni yetu ina tabia ya kuja siku ile watu wameamua haiji.

Njia ya pili inavuka mto kwenda Alunguli, halafu inashuka kusini upande wa kulia mpaka Kasongo. Hii ndiyo naipenda mimi, na nitawaambia kwa nini tukifika Nyangwe. Lakini ina mto, na mto huu hauna daraja hapa Kindu, mnajua. Unavuka kwa mtumbwi. Hapa wenye neno ni Wagenya na wapiga kasia wenzao, watu wa mto tangu mababu. Sikiliza wanachosema. Fungua mzigo wote kutoka kwenye kinga kabla ya kupanda, usiuache umefungwa: mtumbwi ukiyumba, kinga yenye bidoni mbili inavuta kila kitu upande mmoja. Lipa ukiwa nchi kavu, kwa bei mliyokubaliana nchi kavu. Vuka asubuhi. Mchana wingu likikusanyika upande wa juu, upepo unakuja na mawimbi yake, na Lualaba haimjui mtoto wa fulani. Giza likiingia usivuke kabisa, hata kama mwenye mtumbwi ni shemeji yako.

Ukishavuka unaanza msitu, na kadiri unavyokwenda kusini ndivyo unavyofunguka, mpaka karibu na Kasongo unaona nyasi na anga pana. Huko juu kaskazini, Punia na Lubutu, ni msitu mtupu na mvua karibu mwaka mzima. Sisi tunaoshuka kusini tuna bahati ya kiangazi, Juni, Julai, Agosti. Hiyo ndiyo miezi ya kusafiri. Vumbi lipo, jua lipo, lakini udongo ni mgumu na madaraja yamesimama. Septemba ikifika mvua zinarudi, na ule udongo mwekundu unashika gurudumu mpaka halizunguki. Hapo utabeba kinga, badala ya kinga kukubeba wewe. Wasukumaji wanaendelea hata wakati huo, kwa sababu watoto wao wanakula hata Novemba. Wewe unayekwenda kutembea, subiri kiangazi.

Madaraja ya huku ni vigogo vilivyolazwa kwa urefu, na kati ya kigogo na kigogo kuna mwanya. Upana wa mwanya ni ule ule wa tairi la kinga. Mnaelewa ninachosema? Gurudumu la mbele likiingia, kinga inasimama na wewe unaendelea peke yako. Shuka kwenye kila daraja. Kila daraja, hata lile lenye hatua tano. Wasukumaji wenye uzoefu wanashuka, na sijasikia mtu akiwacheka.

Tumefika kijijini. Jua linataka kuzama. Tunafanya nini kwanza? Tunamtafuta kapita, yaani mkuu wa kijiji. Kabla ya maji, kabla ya chakula, kabla ya kupiga picha. Unafika barazani, unaegemeza kinga, unavua kofia, unasalimia wazee mmoja mmoja. Unasema unatoka wapi, wewe ni mtoto wa nani, unakwenda wapi. Ukienda Kasongo na Kabambare utakuta Waislamu wengi, kuliko sehemu nyingi za nchi yetu, kwa hiyo asalaam aleikum inafungua mlango haraka. Na kama ni mwezi wa Ramadhani, usikae njiani unatafuna karanga mchana. Kapita akishajua upo, upo mikononi mwake. Kinga yako italala ndani, wewe utapewa kitanda au mkeka, na kama kuna mtu mbaya karibu, utaambiwa kabla ya kuuliza.

Na hapo ndipo chumvi na sabuni zinafanya kazi. Hakuna hoteli. Anayekupokea hakutajii bei, na ukimwekea pesa mkononi mbele ya watu unaweza kumwaibisha. Asubuhi, mpe mama wa nyumba mfuko wa chumvi na sabuni mbili, sema asante kwa usiku. Huko ndani vitu hivyo vimetembea njia nzima juu ya kinga ya mtu, na bei yake inajua kila kilima kilichopandwa. Kwa mzee wa nyumba, pesa unaweza kumpa pembeni, kwa adabu, ukisema ni ya tumbaku.

Chakula kipo, ukikubali kinachopikwa. Wali wa Maniema, sombe yenye mawese, samaki mkavu, ndizi, nanasi, na viwavi ukiwakuta katika msimu wao. Maji chemsha, au tia dawa. Na ukikaribishwa pombe ya lotoko, onja kwa heshima kisha sema kesho una vilima. Ninawajua wanaume waliokwenda Kibombo kwa siku chache wakabaki kijiji cha kwanza wiki nzima, na sababu haikuwa pancha.

Nyama ya porini utauziwa pia. Hapo naomba tuwe wakweli. Magharibi yetu kuna hifadhi ya taifa ya Lomami, iliyoanzishwa mwaka 2016, sehemu yake kwetu na sehemu katika jimbo la Tshopo. Ndani yake anaishi nyani anaitwa lesula, ambaye wanasayansi wa dunia walimtambua rasmi mwaka 2012, ingawa wawindaji wa huko walikuwa wanamjua na kumla siku zote. Ukiwa mpita njia mwenye pesa ya mjini na unanunua kila kilichokaushwa, unaongeza soko. Kula samaki. Lualaba bado inao.

Sasa bariyeri. Utazikuta. Kamba imevutwa, kijana amekaa kwenye kivuli, anataka karatasi. Beba karte yako ya mpiga kura, beba risiti ya kununulia kinga. Kama wewe ni mgeni wa nchi, ripoti kwanza kwa idara ya uhamiaji hapa mjini, usisubiri kuulizwa njiani. Usikasirike, usiharakishe, kaa chini, zungumza habari za mvua. Omba risiti kwa kila unacholipa, kwa sauti ya upole. Mimi nina maoni yangu juu ya bariyeri hizi, na nitayasema kwa sababu msukumaji hana redio: mtu anayetembea siku nyingi na bidoni za mawese, akilipa hapa, akilipa pale, anafika Kindu faida imebaki njiani. Anayepanga kodi hizo ajaribu siku moja kusukuma kinga ile kutoka Alunguli mpaka kijiji cha tatu. Siombi zaidi.

Nilisema nitawaambia kwa nini napenda njia ya kulia. Ni kwa ajili ya Nyangwe. Iko ukingo wa kulia wa Lualaba, kabla ya Kasongo, na leo ni mahali pa kimya ambapo mpita njia hasimami. Lakini katika karne ya 19 huu ulikuwa mji unaojulikana mpaka Zanzibar. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Mmoja wao, Tippu Tip, jina lake kamili Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliweka makao yake Kasongo. Kiswahili ninachosema sasa, na ninyi mnanielewa, kilitembea na misafara hiyo. Mchele wetu pia. Tunakula na kuzungumza historia ile kila siku, yenye uchungu wake na yenye faida yake.

Nyangwe ilikuwa na soko kubwa kando ya mto. Wanawake walikuja kwa mitumbwi kutoka kingo zote mbili, wakileta samaki, vyungu, kuku, chumvi. Mwaka 1871 alifika David Livingstone, yule mmisionari Mskoti. Alitaka kitu kimoja tu: mtumbwi wa kuvukia. Alikaa miezi, akiomba, akiahidi malipo, na wenye mitumbwi wakakataa. Kwa nini walikataa? Kwa sababu walitazama watu aliofuatana nao na kukaa nao, wakaona ni wale wale waliokuwa wakichukua watumwa. Hawakusoma moyo wake. Walisoma msafara wake. Kisha tarehe 15 Julai mwaka ule, watu wa wafanyabiashara wakafyatua bunduki katikati ya soko lililojaa. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama katika Lualaba wakikimbilia mitumbwi. Livingstone aliyaona mauaji hayo kwa macho yake, akaondoka, na barua zake kuhusu siku ile zilisaidia kuisukuma Uingereza kumbana Sultani wa Zanzibar mpaka akafunga soko la watumwa mwaka 1873. Miaka mitano baada ya mauaji, mwaka 1876, msafiri Stanley akapita hapo hapo, akapatana na Tippu Tip amsindikize, wakashuka na mto. Na mwaka 1893 majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yakazichukua Nyangwe na Kasongo. Mtawala akabadilika, na watu wa kingo zile wakaanza kubebeshwa mizigo ya bwana mwingine.

Sasa fikiria unafika huko na kinga yako. Utatafuta nini? Usitafute jengo. Tafuta mzee. Pitia kwa kapita, uliza kama kuna mtu anayeweza kukuonyesha mahali soko lilipokuwa, na ukae naye. Kamera acha mfukoni mpaka yeye mwenyewe aseme piga. Watu wa pale wamepokea wageni wengi wenye daftari, na wachache waliorudi kuwasomea walichoandika. Ukipanda kinga asubuhi kutoka Nyangwe kwenda Kasongo, kwa mwendo ule wa polepole, unapata muda wa kufikiri juu ya uliyosikia. Kwa pikipiki ungekuwa unashika kofia.

Muda unanibana, niseme haraka machache. Lala ndani ya chandarua kila usiku. Homa ikianza, usijikaze; simama kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Mbung'o wakiuma, vaa mikono mirefu. Pesa gawa katika mifuko mitatu, na noti ndogo ndogo ziwe za kutosha, kwa kuwa kijijini hakuna wa kuvunja noti kubwa.

Na kama unataka msukumaji akuongoze, mlipe. Mlipe kama fundi, maana ni fundi. Patana naye mbele ya shahidi, mpe sehemu ya pesa amwachie mke wake kabla hamjaondoka, na njiani chakula chake ni juu yako. Siku anayokuongoza hasukumi mawese, kwa hiyo hesabu kwanza angepata nini kwa mzigo wake, halafu ongeza. Vijana wa Kindu mnaotafuta kazi, hapa kuna kazi. Bosnia wamefanya kwa reli iliyokufa. Anzeni kidogo, watu wawili, kinga mbili, mpaka kijiji cha kwanza na kurudi.

Dada mmoja wa Mikelenge, hapa mjini, alinisimamisha sokoni, akaniuliza: na sisi wanawake? Dada, wanawake wa Maniema wanatembea njia hizi na mizigo kichwani tangu zamani, mbele ya kinga zote. Unaweza kwenda. Nenda na mwenzako, usiende peke yako. Kijijini, baada ya kapita, mtafute mama mkubwa wa nyumba, umwambie ulale kwake, na usisogeze kitanda chako hata ukiahidiwa chumba kizuri zaidi. Njiani ungana na wanawake wanaokwenda sokoni, ukawa mmoja wao. Mume akikataa ruhusa, hapo sasa unahitaji kipindi kingine, na mtangazaji mwingine.

Kurudi, ukichoka, vuka mto uende Samba, uulize habari za treni. Ikiwepo, pandisha kinga yako mapema, andika jina lako juu yake kwa rangi, na ukae karibu nayo. Isipokuwepo, wasukumaji wanaondoka alfajiri. Na kwa wote walioko njiani sasa hivi na mizigo yao: Mungu awape kiangazi.